Mchwa wamekula gunia wakaacha korosho. Wanakula nini hasa?

Mama Doti, Tandahimba
Habari za jioni jamani. Jana nimefungua chumba cha nyuma nilikoweka magunia manne ya korosho zenye maganda, za kuja kubangua mwenyewe. Kunyanyua la kwanza, juu limekuja, chini limebaki. Korosho zikanimwagikia miguuni, nzima, hata moja haijaguswa. Katani yote ya upande wa ukutani imegeuka udongo, ukishika inavunjika kama andazi la juzi.

Nikakimbilia sanduku. Kanga zangu doti mbili zimebaki pindo, jina halisomeki. Pazia la nailoni lililokuwa katikati yake liko vilevile, limechafuka tu. Stakabadhi za chama cha msingi za misimu mitatu hakuna, imebaki bahasha ya plastiki!

Mume wangu anasema wametumwa. Mimi habari za kutumwa sitaki. Nataka kujua mdudu gani anaiacha korosho anakula gunia, na hicho alichokula kinakwenda wapi?

Mtoto wa Kuchele
Mama, mwaga oili chafu ukutani ulale usingizi. Na hao waliotumwa wapewe nauli ya kurudi 😂

Fundi Mbao, Lindi
Oili chafu kwenye chumba cha chakula? Korosho zitanuka gereji hizo.

Dada, nina miaka 22 kwenye randa. Mchwa ana uchaguzi kuliko wateja wangu. Mkongo au mninga, kile kiini chekundu, anakipita pembeni. Ule weupe wa nje wa mti huohuo anausafisha. Mbao ya mwembe ndiyo biskuti yake. Kuna mteja alibana hela, akataka kabati milango ya mninga na mgongo wa playwudi. Kiangazi kimoja tu, milango imesimama, mgongo hakuna. Mchwa alianza ndani akabakiza ngozi ya rangi. Nilipogonga ikalia kama debe tupu.

Korosho kaiacha kwa sababu ya ganda. Mafuta yake ni makali, waulize wabanguaji mikono yao. Hata nguzo ukizipaka mafuta yale zinadumu.

Mwalimu Mstaafu, Mikindani
Pole Mama Doti. Katani, kanga ya pamba, karatasi, mbao: vyote vimetoka kwenye mmea, na vyote vina selulosi, kile kitu kinachojenga nyuzi za mmea. Hiyo ndiyo anayoifuata. Nailoni inatokana na mafuta ya petroli. Anaweza kuitoboa apite, ila hashibi. (Noti nazo ni pamba, mwenye benki ya chini ya godoro asikie.)

Sasa gunia lako liko wapi? Liko chini ya ardhi, bado linaandaliwa. Mchwa wa vichuguu vikubwa hawamalizi kazi tumboni mwao. Vibarua wanatafuna, wanameza, wakifika nyumbani wanakunya kitu ambacho hakijasagika vizuri, na kwa mavi hayo wanajenga sega lenye matundu kama sifongo. Juu yake unaota ukungu, unalilainisha, na baada ya wiki kadhaa wanakula sega la zamani na ukungu wake. Ni wakulima kama sisi, tofauti hawasubiri mnada. Ule uyoga mkubwa tunaochuma kichuguuni mvua zikianza ni ukungu huohuo umechomoza nje.

Wale askari wenye vichwa vikubwa hata kula hawajui, taya zao ni za kupigana tu. Vibarua ndio wanaowalisha mdomoni, na malkia vilevile, amelala anataga maelfu ya mayai kwa siku.

Wapo pia wa mbao kavu, wanaoishi humohumo ndani ya mbao. Utawajua kwa punje kama mchanga chini ya kabati. Wako si hao. Wako wamejenga njia ya udongo, maana ngozi zao laini, wakipigwa na hewa kavu wanakufa. Kwangua njia hiyo, magunia yapande juu ya chaga, na yaache nafasi ya mtu kupita ukutani.

Mama Doti, Tandahimba
Asante mwalimu. Nimekwangua, njia imetupeleka hadi kichuguu cha nyuma ya choo. Kijana kapiga jembe mara tatu likatoka hilo sega lako: la kijivu, jepesi, lina vitone vyeupe kama chenga za mchele. Alipotaka kuendelea mama mkwe kamnyang'anya jembe. Uyoga wa hapo anauhesabu kila mwaka. Basi magunia yanahama, kichuguu kinabaki.

Fundi, hayo mafuta ya ganda nitapakaje kwenye mbao za chaga bila kuungua?

Fundi Mbao, Lindi
Majivu mikononi kwanza, na kitambaa kwenye kijiti, usiguse kwa kidole. Na uyoga wa mama mkwe ukitoka, Lindi si mbali.