Takwimu za ajira za Marekani: niamini namba ya kwanza au nisubiri marekebisho?

Wakuu, naomba ushauri. Nafanya forex (biashara ya fedha za kigeni) kidogo kidogo, na mara nyingi Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri, nakuwa nimeganda kwenye simu nikisubiri takwimu za ajira za Marekani.

Tarehe 1 Agosti 2025 ndiyo iliyonivuruga. Ajira mpya za Mei, zilizokuwa 144,000 kwenye ripoti iliyotangulia, zikashushwa hadi 19,000. Za Juni zikatoka 147,000 hadi 14,000. Yaani ajira 258,000 zimeyeyuka, na mimi nilishaingia sokoni kwa namba za awali. Siku hiyohiyo Trump akamfukuza kamishna wa idara ya takwimu za ajira, Erika McEntarfer, akidai namba zimechakachuliwa, bila ushahidi wowote.

Binafsi sioni uchakachuaji. Namba hizo hutokana na utafiti wa waajiri, na wengine huchelewa kurudisha majibu, basi. Lakini Septemba idara hiyo ikaja tena na makadirio ya awali kwamba ajira za mwaka ulioishia Machi 2025 zilihesabiwa 911,000 zaidi ya uhalisia!

Mnaofuatilia, namba ya kwanza mnaipa uzito gani? Nitumie wastani wa miezi mitatu, au nitazame kiwango cha ukosefu wa ajira, kinachotokana na utafiti wa kaya? Mke wangu anasema nirudi kuuza mitumba. Huo ushauri ninao tayari.