MSc ya utafiti au MEng ya masomo matupu? Naomba ushauri

Mleta uzi: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mhandisi mitambo, mwaka wa nne sasa kazini, nashughulika na pampu na mabomba. Nimekubaliwa kusoma uzamili sehemu mbili: MSc ya miaka miwili yenye tasnifu, na MEng ya mwaka mmoja yenye masomo na mradi mdogo mwishoni. Kazini wananiambia nichukue ile fupi. Lakini kuna jambo linaninyima usingizi. Impela za pampu zetu, yaani yale mapanga yanayozunguka na kusukuma maji, zinaliwa kama mbao iliyoingiliwa na mchwa. Tunabadilisha, baada ya miezi michache zimeliwa tena. Nataka kujua kwa nini. Niende wapi?

Nondo16: Hongera mkuu. Usichague kwa jina. Uingereza, MEng ni shahada ya kwanza na uzamili kwa pamoja, mtu huianza akitoka sekondari. Kanada na Marekani, mara nyingi ndiyo hiyo ya kwako, ya masomo baada ya shahada ya kwanza. Omba orodha ya masomo uone kilichomo ndani. Na kama unawaza kusajiliwa kuwa mhandisi nchi nyingine, iulize bodi ya huko kabla hujalipa ada. Watu hutaja Mkataba wa Washington wa 1989, wa nchi kutambuliana shahada za uhandisi, lakini huo ulilenga shahada za msingi za uhandisi, usidhani kila uzamili umo.

Turbini: Kaka, hizo impela nazifahamu. Presha upande wa kufyonza ikishuka mno, maji yanachemka bila moto. Mapovu yakifika penye presha kubwa yanapasuka kwa ndani na kubandua chuma, kidogo kidogo. Angalia kama chujio limeziba, kama bomba la kufyonza ni refu au jembamba, kama pampu imekaa juu mno kuliko maji. Hilo halihitaji tasnifu, linahitaji geji ya presha.

Mimi nilisoma MSc ya tasnifu. Miezi minane mtambo wangu wa majaribio ulivuja kabla sijapata kipimo kimoja cha kuaminika. Nililia, na bado ningerudia. Kwa hiyo jiulize: unataka jibu la pampu zako, au unapenda kule kutafuta kwenyewe? La kwanza, MEng inakutosha kabisa.

Mleta uzi: Dada, umenigusa. Upande wa kufyonza hatujawahi kupima, tunatazama wa kusukuma tu. Ila nikisema kweli, chuoni siku nilizokuwa na furaha ni zile za maabara, nikirudia kipimo mpaka usiku.

Nondo16: Basi umejijibu nusu. Mwenye MEng hafungiwi uzamivu, lakini vyuo vingi vitataka kuona umewahi kufanya utafiti, na tasnifu ndiyo ushahidi wenyewe.

Turbini: Ila usiseme ndiyo kabla hujamjua msimamizi. Waulize wanafunzi wake, si yeye. Rasimu anaisoma kwa siku ngapi? Vifaa vipo maabara au bado "vimeagizwa"? Na ufadhili ni wa miaka yote miwili, au wa mwaka wa kwanza tu? Hapo ndipo wengi wetu tulikwama.

Mleta uzi: Nimemwandikia leo, nimeomba anikutanishe na wanafunzi wake wawili. Chuo kinataka jibu baada ya wiki tatu. Geji naifunga Jumatatu.