Naomba ushauri: nitajuaje kama wanyama wa kigeni kwenye bustani ndogo wanatunzwa vizuri?

Wakuu habari zenu. Juzi niliwapeleka watoto kwenye kibustani cha wanyama cha mtu binafsi hapa mkoani. Tausi na kobe sina neno nao, wamenawiri. Kilichonikwaza ni wale wa kutoka mbali. Chui milia anazunguka njia ileile kandokando ya uzio mpaka ardhi imelika kama mfereji, na hakusimama muda wote niliokuwa pale. Kasuku wa kijivu naye kifua kipara, manyoya kajinyofoa mwenyewe. Kasuku hawa mwaka 2016 waliingizwa Kiambatisho cha Kwanza cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka), yaani kuwauza nje ya nchi kibiashara wakiwa wametegwa porini ni marufuku. Sasa huyu katokea wapi? Nikamuuliza mhudumu, akajibu “ana kibali”, basi.

Mliosomea wanyamapori au mifugo, dalili hizo zinatosha kusema wana msongo, au uzee tu? Na mgeni wa kawaida anaweza kuomba aonyeshwe kibali, au niende moja kwa moja TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania)? Sitaki kumharibia mtu riziki kwa hisia, maana wafanyakazi wake ni wakarimu kweli. Aliyewahi kupeleka taarifa kama hii, ilifanyiwa kazi?