Kaka yangu amekata tamaa: nimwambie nini?

Mdogo wa Kirumba: Wakuu, kaka yangu, mvuvi wa dagaa, hali wala halali tangu alipopoteza mtumbwi, na jana alisema kwamba hana faida tena kwa mtu yeyote. Nimsaidieje?

Mama Igoma: Pole sana, mwanangu. Usimwambie ajikaze. Muulize waziwazi, mkiwa wawili tu, kama anawaza kujiua, kwa sababu swali hilo halimpandikizii wazo bali humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, sumu za wadudu ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mstaafu: Naunga mkono. Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, wana idara ya afya ya akili, msindikize mwenyewe. Akiandikiwa dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mweleze kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, maana wengi huziacha mapema.

Mdogo wa Kirumba: Ahsanteni. Nakwenda kwake sasa hivi.