Mjadala: Kompyuta za mtumba ziwekewe kikomo cha umri kama magari?

Wandegeya16 (mwenye mada)

Ndugu zangu, hoja iko hivi. Tangu 2018, gari lililozidi miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Mwaka 2009 serikali ilitangaza kupiga marufuku friji, televisheni na kompyuta zilizotumika, lakini pita leo kwenye maduka ya Kampala uone: meza zimejaa kompyuta za mezani za OptiPlex (Dell), EliteDesk (HP) na ThinkCentre (Lenovo) zilizotolewa kwenye ofisi za ng'ambo. Sasa Microsoft imefunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel zilizo chini ya kizazi, yaani toleo, cha 8, isipokuwa chache sana. Ofisi za huko zitaziondoa za kizazi cha 6 na cha 7, na njia yake tunaijua inakoishia.

Nasema kompyuta nayo iwekewe kikomo. Iliyo chini ya kizazi cha 8 isipite mipaka ya Malaba na Busia wala uwanja wa ndege wa Entebbe. Anayepinga aje na vipimo, huruma ya bei haitoshi.

Fundi wa Tororo

Napinga, na vipimo ninavyo. Weka mezani mashine mbili. Ya kwanza ni laptopu mpya kabisa, bado iko kwenye nailoni: prosesa ya Celeron N4020, kori mbili, ramu (kumbukumbu ya kazi) GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao mkuu, hifadhi ya eMMC (chipu ya kutunzia faili) GB 64 iliyochomelewa vilevile. Ya pili ni OptiPlex 7050 ya mtumba: prosesa ya i5-7500 ya kizazi cha 7, kori nne, nafasi nne za ramu ya DDR4, nafasi ya M.2 kwa SSD ya NVMe (hifadhi ya kasi isiyozunguka), na nafasi ya diski ya kawaida ya SATA.

Ile mpya, eMMC ikichoka, ubao mzima umekufa. Ramu ikijaa, na GB 4 hujaa ukifungua kurasa kumi tu za intaneti, huna la kuongeza. Ile ya mtumba ukiitia ramu mbili za GB 8 na SSD ya GB 256 inafanya kazi ya mhasibu, ya mwanafunzi wa uhandisi na ya mhariri wa video ndogo. Pawasaplai (kifaa cha ndani kinachoigawia mashine umeme) ikiungua unabadilisha pawasaplai peke yake.

Sasa angalia kichekesho cha kikomo chako, na nasema hili kwa uchungu: N4020 imo kwenye orodha ya Windows 11, i5-7500 haimo. Sheria yako ingepitisha takataka ya kesho na kuzuia mashine yenye miaka sita mbele yake.

Wandegeya16

Fundi, hiyo N4020 prosesa yake ni ya wati 6 na ina betri ndani. Umeme ukikatika mtoto anaendelea kusoma. i5-7500 ni ya wati 65, na bila UPS (betri ya akiba ya nje) inazima papo hapo, faili iliyokuwa wazi ikaharibika. Hilo hukulitia kwenye mizani. Na usalama? Mashine isiyopata masasisho ni mlango usio na komeo.

Binti Bombo

Kuhusu masasisho, tusitishane. Njia ni tatu na kila moja ina mwisho wake.

Kwanza, Windows 10 ya nyumbani inaweza kuandikishwa kwenye masasisho ya ziada ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Hiyo ni kununua muda tu.

Pili, kuilazimisha Windows 11. Mashine ya i5-7500 huwa na TPM 2.0 ya ndani (kinga ya usalama ambayo Windows 11 inaidai), Intel huiita PTT, unaiwasha kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), kisha unaruka ukaguzi wa prosesa wakati wa kusakinisha. Inakubali. Lakini Microsoft haiahidi kuipa masasisho mashine isiyo kwenye orodha, kwa hiyo usimwekee mteja njia hii bila kumwambia. Na prosesa za zamani za Core 2 zisahauni: tangu toleo la 24H2 la Windows 11, prosesa isiyo na amri ya ndani iitwayo POPCNT haiiwashi Windows kabisa.

Tatu ni Linux Mint 22, mfumo wa bure badala ya Windows, unaopewa masasisho hadi 2029. Kwa LibreOffice (programu za ofisi za bure), intaneti na kuchapisha barua inatosha. Ugumu unakuja kwa mwenye programu ya uhasibu ya Windows pekee. Huyo ndiye anunue kizazi cha 8 tangu mwanzo.

Na tafadhali, kuna kosa linarudiwa kila siku. Msinunue i5-8500 mkaiweka kwenye ubao wa kizazi cha 7. Soketi zote zinaitwa LGA1151 na prosesa inaingia vizuri, lakini chipuseti (chipu zinazoongoza ubao) na mpangilio wa umeme ni tofauti. Haitawaka, na muuzaji hatakurudishia pesa.

Mwalimu wa Arua

Dada, umesema vizuri, ila hapa mnatazama mashine ikiwa hai tu. Mimi namuunga mkono Wandegeya16 kwa sababu nyingine. Shule zinapokea misaada ya kompyuta, kontena zima, na ndani yake thuluthi haiwaki au inawaka siku mbili. Nani anaizika? Monita za zamani za kioo kinene zina risasi inayoweza kuzidi kilo moja. Kituo cha kukusanyia taka za kielektroniki kilifunguliwa Kampala mwaka 2021. Kutoka Arua ni karibu kilomita 500. Gari la kuzipeleka linagharimu kuliko mashine zenyewe, basi zinarundikwa stoo mpaka mtu azichome moto kutafuta shaba.

Tena sheria ya kimataifa ipo. Chini ya Mkataba wa Basel wa usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, ambao Uganda ni mwanachama, tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, lazima nchi inayopokea ikubali kwa maandishi kabla hazijasafirishwa. Ujanja uliobaki ni kuandika kwenye karatasi "bidhaa iliyotumika" badala ya "taka". Kikomo cha umri angalau afisa wa forodha anaweza kukisoma.

Waya Tatu (Jinja)

Nawasikiliza wote, na naona mmeuacha umeme, ambao ndio unaoziua mashine hizi kuliko umri wake. Mnisamehe kwa urefu.

Pawasaplai nyingi za Dell na HP za miaka kumi iliyopita zinapokea volti 100 hadi 240 zenyewe. Umeme ukishuka hadi 170 jioni, hazijali. Kwa hiyo stabilaiza ya bei ndogo yenye relei, ile inayolia tika-tika, haiongezi uhai wa kompyuta. Inafaa friji zaidi. Ila pawasaplai za zamani zina swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Mashine ikitoka Marekani swichi iko 115. Ukiichomeka kwenye 240 yetu bila kuangalia, unasikia mlipuko mmoja na moshi. Angalia kabla ya kuchomeka, kila mara.

Eathi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Nyumba nyingi zina plagi ya miguu mitatu lakini waya wa tatu haufiki popote. Kichujio kilichomo ndani ya pawasaplai kinalivujishia kasha la chuma umeme mdogo, na ukipima kwa mita utakuta volti kama 120 kati ya kasha na ardhi. Mkondo wake ni mdogo, unatekenya tu mkono. Lakini ukichomeka waya wa HDMI kati ya vifaa viwili visivyo na eathi, mshtuko ule unapita kwenye saketi za milivolti, na bandari ya HDMI inakufa. Watu wanalaumu mtumba. Dawa ni nguzo ya eathi ardhini, ifungwe na fundi mwenye kibali cha mamlaka ya umeme, ERA. Usiunge eathi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) mwenyewe; nyutro ikikatika nje, kasha lote la kompyuta linakuwa na volti 240.

Radi nayo, huku kando ya Ziwa Victoria, haiingii kwa waya wa umeme peke yake. Inaingia kwa waya wa mtandao kutoka kwenye antena ya juu ya paa, inapitia ruta, inaua kadi ya mtandao na mara nyingi ubao wote. Mawingu yakikusanyika, chomoa vyote viwili.

UPS sasa. VA 650, namba iliyoandikwa kwenye boksi, si wati 650. Nyingi zinaishia wati 360 hivi. Betri ni volti 12, ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukiivuta kwa haraka inatoa kama nusu yake hivi. Kompyuta ya wati 60 na monita ya wati 20 zitakaa kama nusu saa betri ikiwa mpya. Chumba kikiwa na joto la nyuzi 35 uhai wa betri unapungua karibu nusu ukilinganisha na nyuzi 25, kwa hiyo usiisukumie nyuma ya mashine inakopumulia.

Wandegeya16

Waya Tatu, hayo yananipa hoja badala ya kuninyima. Mashine ya zamani ndiyo inayokula umeme. Tofauti ya wati 60, saa 6 kwa siku, siku 30, ni uniti 10.8. Hesabu uniti kwa shilingi 800: shilingi 8,640 kila mwezi.

Fundi wa Tororo

Hesabu ni sahihi kwa prosesa ya zamani ya Pentium D na monita ya kioo kinene. Lakini OptiPlex ya kizazi cha 6 au 7 yenye SSD, ikiwa haina kazi nzito, inavuta wati 20 hivi. Kati yake na kizazi cha 8 tofauti hiyo haipo kabisa. Kikomo chako kimewekwa mahali ambapo umeme haubadiliki.

Mwalimu amegusa penyewe: karatasi ya forodha. Basi karatasi iseme kitu cha maana. Badala ya mwaka, kila mashine ije na ripoti ya majaribio, na hapa ikaguliwe upya. Mnunuzi wa dukani naye afanye yaleyale:

Chomoa waya wa umeme dakika tano, washa. Saa na tarehe zikirudi nyuma, betri ndogo ya ubao, CR2032, imekwisha. Hiyo ni rahisi. Ingia BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikiomba nenosiri, iache. Tafuta mstari wa Computrace au Absolute, kifuatiliaji cha mashine zilizoibwa. Ukiwa umeshawashwa, wewe huwezi kuuzima, ni mwenye mali wa kwanza peke yake. Hapohapo soma jina la prosesa, maana stika ya i7 hubandikwa juu ya i3.

Diski: fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski; namba 05, C5 na C6, zinazohesabu sehemu mbovu, ziwe sifuri. Programu hiyo huonyesha namba kwa mfumo wa heksi (tarakimu 16), ibadilishe iwe desimali ya kawaida kwanza, la sivyo utasoma saa za kazi vibaya. Saa 30,000 ni kama saa nane kila siku kwa miaka kumi: diski ya kuzunguka ya hivyo usiiwekee kazi ya mtu. SSD ya "TB 2" kwa bei ya chakula ijaribu kwa programu ya H2testw mpaka ijae. Za bandia hukubali kuandika na kupoteza ulichoandika.

Binti Bombo

Na kwa wanaouliza kadi ya michezo: ile 7050 nyembamba ina pawasaplai ya wati 180 na haina waya wa ziada wa kadi. Kadi ya GT 1030 ya wati 30 inakaa salama, ila iwe yenye kumbukumbu ya GDDR5. Ya DDR4 jina ni hilohilo na kasi ni ndogo mno. Kadi ya RX 6400 inaingia, lakini inatumia njia nne tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na ubao), na ubao wa kizazi cha 7 ni PCIe 3.0, kwa hiyo inabanwa.

Wandegeya16

Fundi, kontena lenye mashine 400 utalikagua lini?

Fundi wa Tororo

Ziwashwe kupitia mtandao, mashine 20 kwa mkupuo kwenye swichi moja ya mtandao, programu moja inasoma diski, prosesa na ramu na kuandika ripoti yenyewe. Dakika 20 kwa mkupuo, mikupuo 20: chini ya saa saba, ukiacha muda wa kuzipanga. Kipimo kirefu cha ramu cha MemTest86 kibaki kwa sampuli, maana GB 16 huchukua saa kadhaa.

Wandegeya16

Kwa kompyuta za mezani nakubali kuondoa kizazi kama ripoti italazimishwa na gharama ikawa ya mwagizaji. Monita za kioo kinene na laptopu zenye betri zilizovimba zikatazwe moja kwa moja, hapo sirudi nyuma.

Mwalimu wa Arua

Na betri za UPS zilizokufa? Hizo tunazinunua mpya hapahapa, forodha haihusiki.

Waya Tatu (Jinja)

Moja ina uzito wa kilo mbili hivi, sehemu kubwa ni risasi, na wanunuzi wa betri za magari huzichukua kwa kilo. Tatizo ni wanaozipasua kwanza na kumwaga asidi kwenye mtaro ili wauze risasi tupu. Ipeleke nzima, imesimama wima, vichwa vyake vimefunikwa kwa utepe. Dukani unaponunua mpya, iache ya zamani palepale na udai punguzo.