Tupeane uzoefu: tarehe ya kutoka gerezani hupatikanaje, na siku yenyewe ilikuwaje?

Mkaazi wa Free Area
Wanajamii, leo asubuhi nilipita karibu na lango la gereza la hapa Nakuru nikamwona mama mmoja ameketi kivulini, ameshika suruali iliyopigwa pasi ndani ya mfuko, akielezwa na askari kwamba mwanawe hatoki leo wala wiki hii. Mama alikuwa amehesabu kwa kalenda ya ukutani. Askari alikuwa amehesabu kwa daftari. Nyumbani kwetu tuliwahi kugombana kwa sababu ya hesabu hiyo hiyo. Naomba waliowahi kungoja mtu langoni, au waliowahi kungojewa, watueleze tarehe yao ilipatikanaje.

Fundi wa Kaptembwo
Mimi nilifungwa miaka sita nikatumikia minne. Wengi hudhani kwamba ile theluthi ni zawadi anayopewa mfungwa mwishoni akiwa mpole, lakini sivyo. Siku unapoingia, karani wa gereza huchukua hati uliyotoka nayo kortini na kuandika tarehe mbili: ile ya kifungo kizima, na ile ya kutoka baada ya kuondolewa theluthi moja. Kwa hiyo unaanza ukiwa nayo, na kazi yako ni kutoipoteza. Mwenzangu wa kitanda cha jirani alipatikana na simu ndani ya godoro, akafanyiwa kesi humo humo gerezani, na tarehe yake ikasogezwa mbele huku mkewe na watoto wakiendelea kuhesabu ile ya zamani.

Mwana wa Kondele
Kweli kabisa. Hata katika gereza la Kodiaga, hapa Kisumu, ilikuwa vivyo hivyo.

Mama wa Shabab
Si wote wanaopata theluthi, Fundi. Mwanangu alifungwa kwa unyang'anyi, na jamaa zetu waliendelea kunipigia simu kuuliza mbona wa fulani ametoka na wangu bado. Sheria ya Magereza imewatoa katika theluthi waliofungwa maisha na waliofungwa kwa unyang'anyi chini ya kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu. Hakuna aliyetueleza hilo siku ya hukumu. Nililisikia kutoka kwa mama mwingine tulipokuwa kwenye foleni ya kutembelea wafungwa, tukiwa na sabuni na dawa ya meno mikononi.

Karani Mstaafu
Niongeze jambo moja ambalo nimeliona likiwapotezea watu miaka. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaitaka korti izingatie muda ambao mtu amekaa rumande kabla ya hukumu. Tuseme mtu amekaa rumande miaka miwili kisha akafungwa miaka tisa. Hati ikisema kwamba kifungo kinaanza siku aliyokamatwa, atatoka miaka minne baada ya hukumu. Hati ikinyamaza, gereza litahesabu kuanzia siku ya hukumu, naye atakaa sita. Ofisa wa gereza hana mamlaka ya kuongeza neno ambalo hakimu hakuliandika, kwa hiyo kumlilia yeye ni kupoteza machozi. Familia iende Mahakama Kuu iombe marekebisho, na mfungwa mwenyewe anaweza kuliandika ombi hilo kwa mkono akiwa ndani.

Kijana wa Nyalenda
Mzee Karani, samahani, je, hapa kwetu hakuna parole kama ile tunayoiona kwenye sinema za Marekani, ambapo mfungwa anakaa mbele ya watu wa bodi na kuulizwa kama amebadilika?

Karani Mstaafu
Bodi ya namna hiyo hatuna, kijana wangu. Sheria ya Magereza inalitaja neno parole, lakini ni ruhusa ambayo Kamishna anaweza kumpa mfungwa wa kifungo kirefu anapokaribia kumaliza. Wengi unaowaona mtaani wametoka kwa theluthi, kwa rufaa, kwa kulipa faini iliyokuwa imebaki, au kwa kubadilishiwa kifungo kuwa huduma kwa jamii.

Aliyeibiwa Ng'ombe
Mnazungumza kana kwamba walioibiwa hawamo humu. Mimi nilisimama kizimbani huko Chwele nikaulizwa maswali hadi nikajiona ndiye mwizi, hakimu akasema miaka mitatu, na kabla sijanunua ng'ombe mwingine nikakutana na kijana yule sokoni akinunua viatu. Kama ni miwili semeni miwili, msitudanganye kwa mitatu.

Mwana wa Kondele
Mzee, kwani ulitaka afie humo?

Aliyeibiwa Ng'ombe
Sikusema afe. Nilitaka niambiwe.

Fundi wa Kaptembwo
Katika hilo ninamuunga mkono mzee. Hata mimi nilikutana na niliyemkosea kwenye steji ya matatu, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa amejiandaa.

Shemeji wa Webuye
Poleni kwa urefu, lakini hii imenichoma mahali. Ndugu wa mke wangu alifungwa mwaka 2018 kwa kuvunja duka, na tarehe yake ikaangukia mwaka 2023. Tuliithibitisha mapema kwa karani wa gereza, tukachanga nauli, na siku yenyewe tukafika kabla jua halijapanda: mimi, mama mkwe, na kijana wa bodaboda aliyebeba kuku wa kumpokelea. Ule mlango mdogo ulio ndani ya lango kubwa ukafunguliwa, akatoka akiwa na bahasha ya kaki iliyobeba mkanda wake na simu ya vibonyezo ambayo betri yake ilikuwa imevimba mpaka kifuniko kikaachana. Suruali aliyoingia nayo ilikuwa inamwanguka. Katika kile kimfuko kidogo cha mbele alipapasa akapata noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nyingi, akampa mama yake kwa mikono miwili, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba noti hizo zilikoma kutumika tangu Oktoba 2019.

Kabla hatujavuka barabara, wanaume wawili waliokuwa wameegemea gari dogo walimwita kwa majina yake yote matatu. Walikuwa na hati ya kumkamata kutoka korti ya kaunti nyingine, kwa kesi ya pikipiki ambayo alikuwa amepewa dhamana mwaka 2016 kisha hakurudi. Miaka yote aliyokuwa amevaa sare ya mistari, akihesabiwa asubuhi na jioni, hati hiyo ilikuwa ikisema kwamba hajulikani aliko! Pingu zikaingia kwenye mikono ile ile iliyotoa noti. Mama mkwe aliketi chini palepale kwenye changarawe, kijana wa bodaboda akaiachia kamba ya kuku, na gari likaondoka. Nimefanya kazi na serikali maisha yangu yote, na siku hiyo nilishindwa hata kuuliza ni kituo gani wanampeleka.

Mama wa Shabab
Maskini mama huyo. Yuko wapi sasa shemeji yako?

Kijana wa Nyalenda
Na kuku?

Mwana wa Kondele
Kijana, una adabu kweli?

Shemeji wa Webuye
Mwache, hata sisi tulikuja kucheka baadaye. Kuku aliingia kwenye shamba la sukumawiki la gereza, akashikwa na wafungwa wa kazi za nje, nasi hatukumdai. Shemeji alilala seli ya kituo cha polisi, akafikishwa kortini, na kesi inaendelea.

Karani Mstaafu
Jambo hili huzuilika. Mtu akiwa na kesi nyingine, familia iende kwenye korti hiyo mapema iombe hati ya kumtoa gerezani na kumfikisha mbele ya hakimu wakati bado anatumikia kifungo cha kwanza. Akikiri au akihukumiwa, wakili anaweza kuomba vifungo viende pamoja badala ya kufuatana. Akingoja mpaka atoke, anaanza upya kabisa.

Mwana wa Kondele
Kwa heshima, Mzee, mimi sikubaliani. Kesi ngapi za zamani zimejifia zenyewe kwa kukosa mashahidi? Ukimwamsha aliyelala utalala wewe.

Karani Mstaafu
Hati ya kukamatwa hailali, ndugu yangu. Inakaa kwenye faili.

Fundi wa Kaptembwo
Nyote mna haki. Mimi ningeuliza kwanza kama pikipiki yenyewe bado ipo.

Binti wa Amalemba
Baba yangu alihukumiwa kifo kwa mauaji. Mwaka 2009 Rais Kibaki alizibadilisha hukumu za kifo za wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha, tukafanya sherehe hapa Kakamega, kisha tukagundua kwamba maisha hayana theluthi: hakuna tarehe ya kuhesabu. Kilichomtoa ni uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, tarehe 14 Desemba 2017, kwamba hakimu au jaji hawezi kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo kwa kila mauaji. Alirudishwa Mahakama Kuu, akasikilizwa, akapewa miaka inayohesabika. Wenzake wa wizi wa mabavu nao walikuwa wameanza kuomba, mpaka Mahakama ya Juu ilipofafanua Julai 2021 kwamba uamuzi ule ni wa mauaji pekee. Baba bado huwataja wakati wa kula.

Alipofika nyumbani, bibi yetu, ambaye ni wa upande wa Siaya, alimkataza asivuke kizingiti kabla ya kunyunyiziwa manyasi, ile dawa ya mitishamba ya Wajaluo ya kumtakasa mtu. Alisimama uani akiwa na begi lake huku majirani wakitazama, na aliniambia kwamba muda ule ulimwelemea kuliko ule wa kungoja jaji.

Mwana wa Kondele
Kuna bwana mmoja hapa Kisumu anayesema ana mtu wake kwenye kamati ya msamaha wa Rais. Anataka pesa kidogo tu ya faili.

Mama wa Shabab
Mkimbie! Ombi la msamaha halilipiwi. Niliandika la mwanangu mwenyewe, likapitia kwa mkuu wa gereza. Halijajibiwa, lakini halikunigharimu ila karatasi.

Karani Mstaafu
Mama amesema sawa. Kamati hiyo ipo chini ya kifungu cha 133 cha Katiba, na Mzee wa Chwele atafurahi kusikia kwamba inaruhusiwa kuzingatia maoni ya walioathiriwa.

Aliyeibiwa Ng'ombe
Waniulize basi. Ofisa wa probesheni aliwahi kufika kwangu kuhusu kijana mwingine, akakaa, akanywa chai, akaandika niliyosema. Yule alipewa huduma kwa jamii, akawa anafyeka nyasi za zahanati yetu, na sikuwa na neno naye.

Mkaazi wa Free Area
Shemeji wa Webuye, kesi ya pikipiki imefika wapi?

Shemeji wa Webuye
Mlalamishi hajaonekana mara mbili. Shemeji yuko nje kwa dhamana, amekaa tu kwa mama yake, na kila anakoomba kazi anaulizwa cheti cha tabia njema cha polisi.

Fundi wa Kaptembwo
Huko ndani alijifunza nini?

Shemeji wa Webuye
Useremala. Ana cheti cha mtihani wa ufundi, ila kina muhuri wa gereza, naye huona haya kukitoa.

Fundi wa Kaptembwo
Mwambie aje Kaptembwo Jumatatu, akileta randa yake kama anayo. Changu kina muhuri huo huo, na kimetundikwa ukutani kwenye karakana.