Mapezi ya ubao "ya mawimbi yote": tumechoka kupigwa changa la macho

Wakuu, uzi huu una povu, asiyetaka apite kimyakimya.

Nani aliwaruhusu wauzaji wa mapezi ya ubao wa mawimbi (vile vibawa vinavyofungwa chini ya mkia wa ubao wa kutelezea mawimbini) kuandika "kiwango cha juu, yanafaa mawimbi yote" kwenye kila pakiti? Pezi refu lililolala nyuma: mawimbi yote. Pezi fupi lililosimama wima: mawimbi yote. Plastiki tupu ya kumiminwa kwenye kalibu: kiwango cha juu! Kama kila moja linafaa kila mahali, mbona mmejaza rafu nzima?

Kilichonichefua ni seti niliyouziwa juzijuzi. Tangazo lilisema faibaglasi. Mzigo ulipofika, ukipitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele unakwaruza mstari wa kalibu, hata msasa haujapita. Bonyeza ncha kwa kidole gumba: pezi zima linanepa kuanzia kwenye kitako, pale linapokutana na ubao, halafu linarudi kivivu. Faibaglasi ya kweli kitako hukaza, ncha ndiyo inayonepa, na ukiachia inafyatuka kurudi. Ule mfyatuko ndio unaokusukuma unapotoka kwenye kona. Sasa hili langu, kwenye vijiwimbi vya magotini halina neno. Wimbi likiwa na nguvu, ukishuka hadi chini na kukata kona kwa uzito wote, mkia unaponyoka. Nikawaandikia. Jibu: "ongeza mazoezi."

Mazoezi ya nini, wakati vipimo mmevificha?

Maana hapo ndipo penye wizi wenyewe. Pezi linaloweza mengi linajulikana kwa namba. Kwa seti ya matatu ya mtu wa uzito wa kati, mapezi ya pembeni huwa na kitako cha milimita 110 hivi, kina (kutoka ubaoni hadi ncha) cha 115 hivi, na mlalo wa kurudi nyuma wa nyuzi 33 au 34. Hivyo ndivyo vipimo vya katikati. Ongeza mlalo, ubao unatulia kwenye kasi na kona zinakuwa ndefu; punguza, unageuka ghafla kwenye nafasi finyu. Ongeza kina, unashika maji zaidi lakini mkia unakuwa mgumu kuurusha. Mapezi ya pembeni yawe bapa upande wa ndani na yavimbe nje, la katikati livimbe sawa pande zote. Kuchapa haya yote kunahitaji mistari minne. Wao nafasi hiyo wameweka picha ya papa.

Halafu kuna hizi S, M na L. Kampuni moja M yake ni kilo 65 hadi 80, nyingine inafika karibu 88. Mtu wa kilo 84 huku ni L, kule ni M, na muuzaji anakwambia "chukua M tu, ndiyo ya wengi." Ya wengi kwa chati ya nani?

Matundu ya ubao ya kuchomekea mapezi nayo usiseme. Kuna mifumo ya kampuni mbili: pezi la Futures lina ulimi mmoja mrefu, la FCS lina vijino viwili, haviingiliani. Na FCS ya zamani si FCS II, ile mpya: pezi la zamani unaweza kulifunga kwenye tundu jipya kwa vipande vya kujazia na skrubu, lakini jipya haliingii kwenye tundu la zamani hata ulibembeleze. Bado utakuta tangazo limeandikwa "inaingia ubao wowote". Uongo mtupu.

Najua kuna mjuaji atakuja na "Simon Anderson alishinda Bells Beach mwaka 1981 kwa mapezi matatu bila kelele za vipimo." Mkuu, Anderson, yule mwanamawimbi wa Australia aliyeshinda shindano la pale Bells Beach, alikuwa anachonga mbao zake mwenyewe! Vipimo alikuwa navyo mkononi. Sisi tunanunua kwa picha.

Kwa hiyo wadau, nataka kitu kimoja. Mwenye seti anayoiamini kwenye wimbi dogo na kubwa aweke hapa kitako, kina, mlalo, imetengenezwa kwa nini na yeye ana kilo ngapi. Wenye mbao za matundu matano, semeni pia mnafunga matatu au manne, na wimbi likiwa la namna gani. Chukueni rula mpime wenyewe, msininakilie maneno ya pakiti. Na wauzaji mliomo humu, najua mnasoma: mnaruhusiwa kujibu, ila mje na namba.